Deni Limehamia Benki Nyingine: Je, Nifunge Akaunti na Kadi ya Zamani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa mweka hazina wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya watumishi hapa Masasi kwa miaka tisa. Swali hili huletwa mezani kwangu na walimu wa Ndanda, wauguzi wa Ligula, wakulima wa korosho wa Tandahimba na Ruangwa, hata vijana wanaofanya kazi kwenye gesi kule Madimba: benki mpya imenunua deni langu, sasa ile ya zamani niifanyeje? Nimeyaandika majibu kama ninavyoyatoa mezani. Pengine nimerefusha, ni kwa sababu nimeona watu wakiumia mahali ambapo karatasi moja tu ingewaokoa.

Deni langu limenunuliwa wiki iliyopita. Nifunge akaunti ya zamani leo?

Leo hapana. Mkopo na akaunti ni vitu viwili. Mkopo ni deni. Akaunti ni mlango ambao deni lile lilikuwa likilipiwa. Benki mpya imetuma pesa za kuua deni, lakini bado hujathibitisha kama limekufa lote.

Tazama inavyokuwa. Unaomba benki ya zamani barua ya salio la deni. Barua inasema 6,480,000 mpaka tarehe 15. Unaipeleka benki mpya, mkopo unapitishwa, pesa zinaingia benki ya zamani tarehe 23. Riba haikulala siku zile nane. Kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, siku nane juu ya kiasi hicho ni kama shilingi 24,000. Wewe unajua umemaliza, mfumo wa benki unajua unadaiwa 24,000. Hakuna anayekupigia simu kwa kiasi kidogo kama hicho. Rejesho halipo, siku zinahesabiwa, na zikifika 90 mkopo wako unaingia kwenye mikopo chechefu, ile isiyolipwa, pamoja na ya watu waliokimbia madeni ya mamilioni.

Kwa hiyo ukishaambiwa pesa zimetumwa, nenda benki ya zamani mwenyewe. Uliza swali moja: "Kwenye mkopo wangu namba hii, leo nadaiwa shilingi ngapi?" Kama kuna mabaki, yalipe hapo hapo dirishani na uchukue risiti.

Nitajuaje kwamba deni limekwisha kweli?

Kwa maandishi. Neno la afisa mikopo, hata awe mtu mwema kiasi gani, linaondoka naye akihamishiwa Songea.

Karatasi ya kwanza ni barua ya kumaliza deni, yenye jina lako, namba ya mkopo, tarehe na mhuri, ikisema wazi kwamba hudaiwi. Ya pili ni taarifa ya mkopo wenyewe inayoonyesha salio sifuri. Usichanganye na taarifa ya akaunti. Wengi hupewa ya akaunti wakaondoka wameridhika. Kama uliweka dhamana, iwe hati ya nyumba au kadi ya gari, idai irudi. Hati ya nyumba ina hatua moja zaidi ambayo watu huisahau: rehani iliyoandikishwa kwa Msajili wa Hati inapaswa kufutwa. Hati iliyorudi mkononi huku rehani bado imeandikwa itakusumbua siku utakapotaka kuuza au kukopa tena.

Na kama ulikuwa na wadhamini, wape nakala ya barua. Ni heshima, maana walilala na hofu kwa ajili yako.

Benki mpya imeshaanza kukata mshahara, na ya zamani bado inakata. Nifanyeje?

Hili ndilo linalowatesa watumishi kuliko yote, na mimi limenipata. Nilihamisha mkopo mwaka mmoja kuelekea mwezi wa Ramadhani, salari slipu ikaja na makato mawili. Mwezi wa pili vile vile. Mwezi wa tatu vile vile. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Nilipofuatilia nikaambiwa kila upande kwamba umeshafanya kazi yake. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba benki ya zamani haikuwa imewasilisha taarifa ya kusimamisha makato, na mimi sikuwa na barua ya kumaliza deni ya kumwonyesha afisa utumishi wa halmashauri.

Makato ya mshahara hayajizimi yenyewe. Aliyeyaingiza kwenye mfumo ndiye anayeyatoa, na taarifa ikifika baada ya orodha ya mishahara ya mwezi huo kufungwa, makato yatatoka tena. Kwa hiyo siku unayopata barua ya kumaliza deni, peleka nakala kwa afisa utumishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha angalia salari slipu ya mwezi unaofuata kabla ya kufurahia mkopo mpya.

Sasa ona kwa nini nilisema usifunge akaunti leo. Pesa zilizokatwa zaidi ni zako, na benki ya zamani huzirudisha kwenye akaunti yako iliyo kwao. Ukiwa umeifunga, utaanza kuandika barua za kuomba pesa zako zielekezwe kwingine, na safari ya Newala mpaka mjini Mtwara si nauli ndogo.

Nikikatwa mara mbili, si wanavunja sheria ya theluthi moja?

Kanuni inataka mtumishi abaki na si chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa hiyo mara nyingi makato mawili makubwa hayaingii pamoja, moja linashindwa. Hapo hatari hugeuka upande wa pili: mkopo mpya ndio haulipwi, nawe huna habari. Kumbuka pia kwamba kama unalipa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kwanza. Piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kusaini, usimwachie mtu anayelipwa kwa kukukopesha.

Basi lini niifunge?

Miezi mitatu baada ya kupata barua, kama salari slipu tatu mfululizo ni safi na hakuna pesa unayosubiri irudi. Hiyo ni kanuni yangu mimi, si ya benki, na haijaniangusha.

Baada ya hapo jiulize akaunti ile inakufanyia nini. Kama inakata ada kila mwezi na huitumii, ifunge. Kama kila ukipita mbele ya tawi lile unaitwa ndani kwa mkopo mwingine na wewe ni mtu wa kushawishika, ifunge. Kama haina ada, au ndipo mtoto aliye chuoni anapotumiwa pesa, iache. Akaunti isiyo na gharama haina dhambi.

Kufunga ni kwa barua au fomu ya tawini, utoe salio lote, urudishe kadi ya ATM, na upewe uthibitisho wa maandishi. Zima pia huduma ya benki kwenye simu, hasa kama namba ile ya simu huitumii tena.

Nikiiacha tu bila kuifunga wala kuitumia?

Salio litaliwa na ada kidogo kidogo, kisha akaunti italala. Kuiamsha ni kwenda tawini na kitambulisho. Kama salio ni sifuri na hakuna mkopo, hasara ni ndogo. Usiiache ikiwa na pesa.

Mimi ni mkulima. Namba ya akaunti ya zamani ndiyo iliyopo AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Nibadilishe?

Mama mmoja wa Kitangari alinifikia akiwa analia. Korosho zake ziliuzwa mnadani, wenzake wamelipwa, yeye hajaona kitu. Alikuwa amefunga akaunti mwezi wa tisa baada ya kuhamia benki nyingine, na AMCOS walikuwa na namba ileile ya zamani. Pesa zilitoka, zikagonga akaunti iliyofungwa, zikarudi zilikotoka. Alilipwa mwishoni, lakini baada ya wiki nyingi, na katikati ya hapo alikuwa amekopa kwa jirani.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, malipo yetu yanategemea orodha. Jina, kilo na namba ya akaunti visipoendana, hakuna wa kukuhurumia. Mpango wangu kwa mkulima ni huu. Badilisha namba wakati wa kupalilia, si wakati wa kuokota. Nenda kwa katibu wa AMCOS na karatasi ya benki mpya yenye namba na jina kama lilivyo kwenye usajili wako wa mkulima. Kama benki umejiandikisha kwa jina la baba na AMCOS kwa jina la babu, rekebisha kwanza. Omba uone kwa macho yako namba mpya ikiandikwa. Akaunti ya zamani iache wazi mpaka malipo ya msimu mmoja yameingia kwenye mpya.

Usikubali kuishiwa kiasi cha kuuza kwa kangomba, wale wanunuzi wasio rasmi wa bei ya kutupa, kwa sababu ya akaunti. Korosho iliyouzwa kangomba mwezi wa nane ni mkopo wenye riba kuliko wa benki yoyote ninayoijua.

Kufunga akaunti kutaharibu jina langu kwa wakopeshaji?

Kwa Tanzania, kufunga akaunti ya kawaida ya akiba hakuharibu kitu. Kinachosomwa na wakopeshaji ni mikopo. Kwa mujibu wa kanuni, benki hupeleka taarifa za mikopo kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji, kama Creditinfo, hutoa ripoti kwa mkopeshaji anayetaka kukujua. Mkopo uliolipwa vizuri ukaisha ni sifa njema. Mkopo wenye mabaki ya 24,000 yaliyochakaa ni doa.

Una haki ya kuiona taarifa yako na kudai irekebishwe kama ina kosa. Fanya hivyo miezi michache baada ya kuhamisha deni. Nimekutana na mwalimu aliyenyimwa mkopo wa kujenga kwa sababu mkopo wa zamani ulionekana bado hai. Barua yake ya kumaliza deni ndiyo iliyomtoa.

Kadi yangu ya VISA ni kadi ya mkopo?

Karibu hakika si ya mkopo. VISA na Mastercard ni majina ya mitandao ya malipo tu. Kadi tuliyozoea inachota pesa iliyopo kwenye akaunti yako. Kadi ya mkopo inachota pesa ya benki mpaka kikomo ulichopewa, halafu mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Zipo benki za hapa nchini zinazozitoa, lakini wenye nazo ni wachache.

Mdogo wangu yuko Marekani. Amehamishia deni la kadi moja kwenye kadi nyingine. Aifunge ile ya zamani?

Swali hili huletwa na wazazi kwa niaba ya watoto, na mimi limekuja kupitia ndugu yangu mwenyewe. Jibu la huko halifanani na la huku, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Kwanza, kwa nini wanahamisha. Kadi za huko zina riba kubwa sana. Kadi mpya humvuta mteja kwa kumwambia: lete deni lako hapa, hutalipa riba kwa miezi 12, mingine 18, mingine 21. Ada ya kuhamisha kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5. Anayetumia miezi hiyo kulipa deni lenyewe anaokoa pesa nyingi. Anayeitumia kupumua anajikuta mwisho wa muda na deni lile lile, riba imerudi.

Sasa kufunga. Kule mtu ana alama ya ukopaji; ile inayotumika sana, ya FICO, inaanzia 300 mpaka 850. Sehemu kubwa zaidi, asilimia 35, ni kulipa kwa wakati. Inayofuata, asilimia 30, ni madeni unayodaiwa, na ndani yake wanatazama umetumia sehemu gani ya kikomo chako. Hapo ndipo kufunga kadi kunapouma.

Chukua mfano. Kadi ya zamani ina kikomo cha dola 5,000 na deni la dola 4,000. Anapata kadi mpya yenye kikomo cha dola 6,000, anahamisha deni kwa ada ya asilimia 3, linakuwa 4,120. Akiziacha zote mbili, anadaiwa 4,120 katika kikomo cha 11,000, sawa na asilimia 37. Akiifunga ya zamani, deni ni lile lile lakini kikomo kimebaki 6,000, sawa na asilimia 69. Hajakopa hata senti moja zaidi, na alama inashuka. Kama alikuwa anataka mkopo wa nyumba au gari mwaka huo, ameukata mkono wake mwenyewe.

Watu huogopa pia kwamba historia yote ya kadi ile itafutika siku ile ile. Haifutiki. Kadi iliyofungwa bila doa hubaki kwenye ripoti za huko mpaka miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake. Kinachokwenda mara moja ni kikomo.

Kwa hiyo nilimwambia ndugu yangu: kama haina ada ya mwaka, iache. Inunulie kitu kidogo mara moja kwa miezi kadhaa na ukilipe chote, maana kadi isiyotumika kabisa kampuni inaweza kuifunga yenyewe. Kama ina ada ya mwaka, piga simu uombe ibadilishwe iwe aina isiyo na ada kabla ya kufikiria kuifunga.

Ila nina sharti moja, na nililisema kwa sauti ya kaka mkubwa. Kama unajijua kwamba kadi tupu mfukoni itakuwa na deni jipya kabla ya Krismasi, ifunge. Alama hupanda tena ukilipa. Madeni mawili badala ya moja ndiyo yanayomfanya mtu ashindwe kutuma hata ya dawa nyumbani.

Na mabaki ya riba niliyoyaeleza mwanzo yapo huko pia. Riba iliyokuwa ikihesabika kati ya hesabu ya mwisho na siku deni lilipohamishwa huja mwezi unaofuata kama kidogo cha dola kadhaa. Asiyefungua ujumbe ule anaweza kuandikwa mchelewaji kwa ajili ya dola tano.

Benki yangu inasema nisihame, watanipa nyongeza juu ya mkopo uliopo. Ni bora?

Usiangalie rejesho la mwezi peke yake. Chukua deni la 8,000,000 lililobakiza miezi 30 kwa riba ya asilimia 17 kwenye salio linalopungua. Rejesho ni kama 329,000, na riba yote mpaka mwisho ni kama milioni 1.88. Sasa unaitwa: njoo kwetu, riba asilimia 16, miezi 72. Rejesho linashuka mpaka kama 173,500. Unafurahi. Lakini riba yote mpaka mwisho ni kama milioni 4.49. Riba imepungua kwa asilimia moja, gharama imezidi mara mbili, na hapo sijaweka ada ya kuandaa mkopo, bima yake, wala faini ya kulipa mapema ambayo mikataba mingine inayo.

Hili halitegemei kama umehama au umebaki. Muulize afisa: "Mpaka mwisho nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi?" Atoe tarakimu, aiandike. Kama muda mpya ni mrefu kuliko uliobaki, uwe na sababu ya maana, kama ada ya shule au matibabu. Simenti ya kumalizia baraza inaweza kusubiri.

Nimehamishia deni la SACCOS benki. Nitoe na akiba zangu?

Toa deni, baki mwanachama. SACCOS nyingi hukopesha mara mbili au tatu ya akiba, na akiba hiyo huijengi kwa mwezi mmoja. Nasema hivi nikiwa mweka hazina, najua ninavyosikika, lakini nimewaona waliotoka wakirudi kuanza upya na 20,000.

Na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, au ya simu?

Hapo sina mawili. Ukishapata mkopo nafuu wa kulipia kausha damu, lipa, rudishiwa kadi ya benki waliyokushikia, badilisha namba ya siri siku hiyo hiyo, na mahusiano yaishe. Mkopeshaji anayeshikilia kadi yako ya ATM hana haki ya kukaa nayo hata siku moja baada ya deni kuisha. Mikopo ya simu nayo huingia kwenye taarifa za wakopaji. Usiidharau kwa sababu ni 15,000.

Benki ya zamani haitoi barua, kila nikienda naambiwa rudi wiki ijayo.

Acha kwenda kwa mdomo. Andika malalamiko, peleka tawini, wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wasipokujibu au jibu lisipokuridhisha, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinakuruhusu kulipeleka shauri Benki Kuu. Sisi wa kusini tuna bahati, tawi la Benki Kuu liko Mtwara mjini. Wa Lindi na Masasi anakwenda na kurudi siku moja. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika benki yako. Nakala yenye mhuri ndiyo jibu.

Karatasi hizi nizitunze mpaka lini?

Mimi za mkopo wangu wa kwanza ninazo. Ziko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la bati, kwa sababu masika ya huku hayachagui dari. Yale makato ya miezi mitatu niliyoyasimulia yalirudishwa yote, baada ya miezi mitano, siku nilipomwekea meneja mezani salari slipu tatu na barua moja. Alizisoma, akaomba radhi, akasaini. Pesa ziliingia kwenye akaunti ya zamani, ambayo sikuwa nimeifunga.